Usugu, Ukinzani na Kinga: Maana za Neno Moja katika Tiba na Sayansi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowataabisha wafasiri wetu wa maandishi ya sayansi, neno resistance lina nafasi ya pekee. Halitaabishi kwa sababu Kiswahili kimekosa neno la kulikabili. Linataabisha kwa sababu Kiswahili kinayo maneno mengi mno ya kulikabili, na kila moja lina ukoo wake na watu waliolizoea. Upinzani, ukinzani, usugu, kinga, ustahimilivu, hata ukaidi: yote yanaweza kupendekezwa, na kila moja likapata mtetezi. Katika makala haya tumekusudia kuyapambanua maneno hayo, na hasa kukaa juu ya neno usugu. Katika tiba neno hilo limekwisha kuyashinda mengine, wala hatuna nia ya kuling'oa. Lakini kwa maoni yetu linatumiwa kwa namna inayompotosha msikilizaji katika jambo linalogusa uhai wake.

Tuchukue sehemu moja ya jiji la Dar es Salaam iwe mfano. Mtu akitoka sokoni Kariakoo, ambako maduka ya pembejeo huuza mbegu na viuatilifu, akapita Mnazi Mmoja, atakuta Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi. Akiendelea na safari yake ndani ya Upanga atafika Muhimbili, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na ubavuni mwake chuo kikuu cha afya ambacho chimbuko lake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1963. Ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja. Katika mwendo huo mfupi, muuza mbegu, fundi umeme, muuguzi na mgonjwa wote wana haja ya kusema kwamba kitu fulani kinashindana na kitu kingine, na kila mmoja anahitaji neno la haja yake. Kiingereza huwapa wote neno moja. Hatuoni sababu ya Kiswahili kuiga umaskini huo.

Neno upinzani tuliweke kando mapema. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 neno hili limekuwa mali ya siasa, na kabla ya hapo lilikuwa mali ya wanahistoria walioandika juu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Mpinzani ni mtu mwenye nia na hoja. Ukimwambia mgonjwa kwamba bakteria wake wana upinzani, atatabasamu kwanza kabla ya kukuelewa. Ukaidi nao una dosari ya aina hiyo hiyo, kwani mkaidi ni yule aliyeambiwa akasikia, kisha akakataa kwa makusudi.

Ukinzani ni habari nyingine. Vitenzi kinza na kinzana vimo katika lugha tangu zamani, na nomino hii imekubalika vema katika fizikia, ingawa mafundi wa redio hawaachi kukiita kifaa chenyewe rizista. Tangu Georg Ohm alipotoa kanuni yake mwaka 1827, ukinzani wa waya umekuwa kitu cha kupimwa kwa namba: waya ukirefuka ukinzani huongezeka, ukinenepa hupungua. Yafaa tuangalie tabia moja ya ukinzani huu. Hauna kumbukumbu. Waya hauzoei mkondo wa umeme. Mkondo wa leo haukuti waya ulio mgumu zaidi kwa sababu tu ya mkondo wa jana. Kwa ajili hiyo neno hili linaifaa pia fiziolojia pale inapozungumza juu ya mishipa ya damu. Mshipa ukipungua upana wake kwa nusu, ukinzani wake dhidi ya mtiririko huongezeka mara 16, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hali kadhalika twasema ukinzani dhidi ya insulini, pale seli za mwili zinapoipokea amri ya insulini kwa uzito. Hapo hapana adui wala askari. Ni mwili na kichocheo chake wenyewe.

Kinga ni kinyume chake kwa sura: ni neno la nyumbani kabisa. Twakinga maji ya mvua kwa chungu, twakinga mkono usoni kofi linapokuja. Nguvu ya mwili ya kuzuia maradhi ilipohitaji jina, neno lilikuwa tayari, na katika miaka ya 1980 likaingia katika istilahi ambayo labda ndiyo iliyofaulu kuliko zote za tiba katika lugha yetu, yaani UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Tunasema ilifaulu kwa sababu mtu asiyejua kusoma aliweza kueleza ugonjwa huo kwa kulifungua jina lake tu: mwili umepungukiwa na kinga. Lakini kinga ni jambo jema siku zote. Lau mfasiri angeandika kwamba vimelea vimepata kinga dhidi ya dawa, angekuwa amewahamishia vimelea sifa ambayo lugha imewawekea wagonjwa.

Kwa wakulima haja ni ya maneno mawili. Katika kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, wataalamu walianza miaka ya 1930 kuzalisha mihogo isiyoshindwa na ugonjwa wa batobato. Mihogo ya namna hiyo ni ya aina mbili. Upo ambao virusi vikiingia havipati nafasi ya kuzaana. Upo ambao virusi huzaana ndani yake lakini mkulima bado huvuna vizuri. Wa kwanza unakinza ugonjwa, wa pili unaustahimili. Tofauti hii si ya wasomi tu. Muhogo unaostahimili waweza kuwa hazina ya virusi, ambavyo inzi weupe watavichukua na kuvipeleka katika shamba la jirani. Mkulima anunuaye mbegu anastahili kujua anachonunua, na maneno ukinzani na ustahimilivu yanatosha kumwambia.

Sasa tufike kwenye usugu.

Asili ya neno hili iko wazi, yaani kusugua. Mwenye kushika mpini wa jembe kila siku hupata sugu viganjani. Mwenye kusujudu sana hupata sugu katika paji la uso. Ni ngozi ile ile iliyosuguliwa mara nyingi hata ikawa ngumu, isihisi tena. Kutoka hapo neno likahamia kwenye tabia, likawa jina la mtu aliyekaripiwa hata karipio likawa si kitu kwake. Kisha likahamia kwenye muda: tunao wahalifu sugu, tunao wadaiwa sugu wa kodi na wa ankara za maji, na tunao ugonjwa sugu, yaani ule ukaao na mtu miaka mingi. Halikukosa hata kuwa sifa. Msanii Joseph Mbilinyi, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu mwaka 2010 hadi 2020, anajulikana nchi nzima kwa jina la Sugu, na hatujasikia mtu aliyelidhania kuwa tusi.

Neno lenye historia hii lilipopelekwa kwenye vimelea vya magonjwa, lilikwenda na mizigo yake. Sehemu moja ya mzigo ni ya kweli: ugumu unatokana na kuguswa mara nyingi. Klorokwini ilimezwa nchini kwa miongo kadhaa, hata ilipofika mwaka 2001 serikali ikaiondoa katika nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria na kuweka salfadoksini pamoja na pairimethamini. Nayo haikudumu, na kufikia mwisho wa mwaka 2006 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na dawa ya mseto, yaani artemetha na lumefantrini.

Sehemu nyingine ya mzigo si ya kweli, na ndiyo inayotuhangaisha. Sugu ya kiganjani ni ya ngozi ile ile iliyokuwa laini jana. Vimelea sivyo vilivyo. Dawa haimfundishi mdudu kuizoea. Katika mamilioni ya vimelea vilivyomo mwilini mwa mgonjwa, huenda vichache sana vikawa vimezaliwa na badiliko dogo la jeni liwezalo kuviokoa. Dawa ikiingia huua vilivyo dhaifu, na kama haikutosha kumaliza kazi, hivyo vichache hubaki na kupata uwanja mpana wa kuzaana. Hakuna kimelea kilichobadilika tabia. Ni kundi zima lililobadilika, kwa kuwa waliobaki si wale waliokuwapo. Upande wa bakteria mambo yamezidi, maana bakteria huweza kupeana jeni hizo hata wakiwa wa jamii mbalimbali. Wengine huivunja dawa, wengine huisukuma nje, wengine hubadili mahali ambapo dawa ilipaswa kushika. Ni wachache tu ambao mbinu yao hufanana na ngozi ngumu.

Tena sugu ni kitu cha mwili wa mtu. Hapo ndipo neno linapomvuta msikilizaji mbali na maana. Akisikia kwamba kuna usugu, huangalia mwili wake mwenyewe, kwa sababu ndiko alikokwisha kuiona sugu. Atasema: mwili wangu umeizoea dawa hii. Si Waswahili peke yao wasemao hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipouliza watu wa nchi 12 mwaka 2015, asilimia 76 walijibu kwamba usugu hutokea pale mwili wa mtu unapozoea dawa, na Tanzania haikuwamo katika nchi hizo. Kosa hili basi ni la watu wengi wa lugha nyingi. Tunalodai ni kwamba lugha yetu, kwa picha iliyomo ndani ya neno lenyewe, inaliongezea kosa hilo nguvu.

Na anayeamini hivyo hufanya mambo yanayofuatana na imani yake kwa mantiki kamili. Ataipumzisha dawa ili mwili uisahau. Atakatiza dozi mapema, asije akazoea. Kubwa zaidi, asiyewahi kuimeza dawa fulani atajiona yu salama nayo. Mambo ya Mkuzi yanamkanusha. Katika miaka ya 1950, katika kijiji hicho kilicho karibu na Muheza, wakazi walipewa pairimethamini ili kuzuia malaria. Haukupita muda mrefu vimelea vya hapo vikawa havidhuriwi nayo, na hali hiyo ikaonekana hata nje ya kijiji, kwa watu ambao hawakuwamo katika mpango huo. Mtoto mchanga aweza kuumwa na mbu leo, akaambukizwa vimelea sugu, ilhali midomo yake haijaonja kidonge chochote.

Hapa sarufi nayo ina lawama. Watu hufupisha wakasema usugu wa dawa. Tuutazame muundo huo. Tukisema uchungu wa dawa, uchungu ni wa dawa, na waliomeza klorokwini hawahitaji maelezo. Tukisema ukali wa dawa, ukali ni wa dawa. Basi mtu akisikia usugu wa dawa, sarufi yake humwambia kwamba usugu ni sifa ya dawa, na kwa kuwa sugu yaweza kuwa sifa njema, hatutashangaa akidhani ni dawa yenye nguvu. Kiunganishi -a kimetajwa kama mwenye mali, na mwenye mali wa kweli hakutajwa kabisa.

Kwa ajili hiyo tunaisifu istilahi ndefu iliyotumiwa na Wizara ya Afya: Usugu wa Vimelea vya Magonjwa dhidi ya Dawa, kwa kifupi UVIDA. Wako wanaoilalamikia urefu. Sisi twaona kila neno lililomo linafanya kazi yake. Wa vimelea humtaja mwenye usugu. Dhidi ya dawa hutaja unaelekea wapi. Ondoa la kwanza, na usugu utarudi mwilini mwa mgonjwa. Ondoa la pili, na utakuwa ugonjwa usiopona. Hofu yetu ni kifupisho chenyewe. UKIMWI hujieleza kwa sababu maneno yake matatu ni mepesi. UVIDA ni lazima ufunguliwe kila mara, na asiyeufungua amerudi alikotoka.

Ugumu huonekana zaidi katika kifua kikuu. Kuna vijidudu vya kifua kikuu visivyouawa na aisoniazidi wala rifampisini, dawa mbili zilizo nguzo ya tiba ya kawaida. Tiba ya kifua kikuu cha namna hiyo ilianza nchini mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, na jina lililoenea ni kifua kikuu sugu. Sasa tumfikirie mgonjwa anayepewa habari hiyo katika chumba cha daktari pale Upanga au kwingineko. Amekwisha kufundishwa miaka mingi kwamba kisukari ni ugonjwa sugu na shinikizo la damu ni ugonjwa sugu. Maana yake ni kwamba ataishi nao na kufa nao. Aambiwapo ana kifua kikuu sugu, hana sababu ya kuelewa vingine. Lakini kifua kikuu hicho hutibika na kupona. Zamani tiba yake ilikwenda hata miezi 20, pamoja na sindano zilizoweza kuharibu usikivu wa masikio. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya vidonge ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Mtu aliyekata tamaa kwa sababu ya kivumishi amekata tamaa bure, na nyumba nzima aliyomo iko hatarini pamoja naye.

Dawa ya neno hili tunayo mdomoni. Husemwa kila siku kwamba homa hii haisikii dawa. Msemo huu ni hodari kuliko istilahi zetu nyingi. Unaloshutumu ni ugonjwa, wala haumtaji mgonjwa kabisa. Una mwelekeo, kwa sababu kusikia ni kusikia kitu fulani. Wala hausemi neno juu ya muda, maana kisichosikia dawa hii chaweza kusikia nyingine. Hauna budi kutofautishwa na ule usemi mwingine, dawa imemkataa, ambao wahusu mtu na mwili wake, na hutumika pale dawa inapomletea madhara. Wasemaji wa Kiswahili, bila kamati wala kikao, wamekwisha kutenga mambo mawili ambayo istilahi yetu inayachanganya. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba usugu wa vimelea dhidi ya dawa ubaki kuwa istilahi ya vitabu na ripoti, na kwamba mgonjwa aambiwe ana kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida. Neno kawaida lisiachwe.

Tunajua watatokea watakaosema kwamba kusikia dawa ni lugha ya barazani isiyofaa kuwekwa mbele ya daktari. Tunawakumbusha mseto. Mseto ni chakula, wali uliopikwa pamoja na choroko. Dawa ya malaria yenye viambato viwili ilipotafutiwa jina la kueleweka, jina lilitoka jikoni, na leo linatamkwa katika maduka ya dawa ya Kariakoo na zahanati za mbali vijijini bila mtu kukosea.

Liko jambo moja ambalo picha ya sugu inalieleza vizuri kwa bahati. Mkulima akiweka jembe chini muda mrefu, kiganja hulainika. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na uchunguzi uliofanyika Blantyre, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba dawa hiyo imerudi kuua vimelea vya malaria. Hata hapo hakuna kimelea kilicholainika. Ni vile visivyo na badiliko la jeni vilivyopata tena nafasi ya kuzaana kuliko vile sugu. Lakini kwa kumweleza mtu wa kawaida, mfano wa kiganja si mbaya.

Yamebaki mawili ambayo bado yanahitaji maneno. La kwanza ni la mbu. Mbu asiyekufa kwa dawa ya chandarua ni mbu sugu, na majaribio yaliyofanywa Muleba na Misungwi, matokeo yake yakitolewa mwaka 2018 na 2022, yameonyesha faida ya vyandarua vilivyoongezewa kiambato cha pili ili kumshinda. Lakini yuko mbu mwingine, yule aumaye jioni nje ya nyumba kabla watu hawajaingia chandaruani. Wataalamu humhesabu naye kuwa ana usugu, wa tabia. Kwa Kiswahili huyo hana usugu wowote. Hakuguswa na dawa. Huyo anakwepa, na hali yake tungeiita ukwepaji.

La pili ni la malaria, na lina haraka zaidi. Vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H vilitangazwa Rwanda mwaka 2020, na sampuli zilizokusanywa mwaka 2021 zimevionyesha katika mkoa wa Kagera pia. Vimelea hivyo haviishindi artemisini; huchelewa tu kufa, na mwenzi wake katika mseto humalizia kazi. Hali hii si usugu kamili, na kuiita usugu bila kivumishi ni kuwafanya watu waitupe dawa ambayo bado inawaponya. Usugu nusu unasikika kama hesabu, usugu wa sehemu hauelezi ni sehemu ya nini. Sisi tumeelekea kwenye usugu kiasi, na huenda uchelewaji ukafaa zaidi pale anapozungumziwa mgonjwa. Wasomaji walio katika zahanati za Karagwe, Kyerwa na Ngara, ambao watalihitaji neno hili kabla yetu, tunawaomba watuandikie ni lipi wanalolisikia likisemwa.